Msumari wa Kusubiri

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika hamsini asubuhi, siku ya Jumatano, Papa Ramazani aliponyamaza katikati ya tangazo la mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa beberu, mweusi, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, amepotelea upande wa barabara ya Kabambare. Papa alifika kwenye doa jeupe akasimama. Mimi nilikuwa nyuma ya kioo, mkono kwenye kifungo cha sauti, nikadhani anavuta pumzi. Lakini msomaji mzuri huvuta pumzi penye nukta, havuti katikati ya doa la mbuzi, kwa hiyo niliinua macho. Mdomo wake ulikuwa umeshuka upande wa kulia, na karatasi ilikuwa ikiteleza kutoka vidoleni kana kwamba mkono ule si wake.

Niliweka muziki. Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia ninyi mnaoingia kwenye kazi hii: uwe na wimbo tayari siku zote. Msikilizaji anasamehe wimbo usio na sababu, ukimya hausamehi. Asubuhi ile Kasongo nzima ilisikiliza wimbo uleule ukijirudia, wakati sisi tulikuwa tunampeleka Papa hospitali juu ya pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, dereva akiyalaani mashimo moja baada ya jingine.

Wengi wenu hamkumsikia Papa Ramazani, au mlimsikia mkiwa wadogo mnavaa sare za shule. Alikuwa mtu wa familia za zamani za Kiislamu za mji huu. Alijua herufi za Kiarabu kabla ya kuzijua za Kifaransa, na kabla ya redio alikuwa na duka la vitenge ambalo vita vililimeza. Redio yetu ilipofunguliwa, katika nyumba ndogo ya matofali isiyo mbali na soko, alikwenda kusikiliza tu, akapewa karatasi ajaribu, na hakurudi tena dukani, kwa sababu duka lenyewe halikuwepo. Mimi nilikuwa fundi wa redio za betri sokoni. Elimu yangu yote ya umeme niliitoa ndani ya redio zilizokufa, na ya mengine kwenye vitabu vya Kifaransa ambavyo watu walikuwa wanataka kufungia karanga. Waliniita nitengeneze mashine, nikabaki. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma mbele ya maikro, siku alizokuwa na mafua.

Ninyi leo mnasoma matangazo kwenye simu, kidole kinapandisha maandishi, macho yanakimbia nyuma yake. Sisi tulisoma karatasi. Watu walileta zilizokunjwa ndani ya kofia, zilizolowa jasho la soksi, zilizoandikwa kwa mkaa. Tulisoma matanga, wagonjwa, ndoa, mikutano ya shule, baiskeli zilizopotea. Mtandao wa simu unaishia mlima wa pili. Baada ya hapo redio ndiyo barua. Mtu anachimba dhahabu huko Lusangi, amefunga kiredio kwenye tawi juu ya shimo, na ndivyo anavyojua kwamba mama yake amelazwa Kasongo.

Papa alikuwa na kanuni zake. Soma mstari wa mwisho kwanza, kwa macho, ujue mtu huyu anataka kukupeleka wapi. Jina la mtu lisome mara mbili, maana jina ndilo lililolipiwa. Usinywe maji ya baridi. Weka kidole gumba chini ya mstari hata kama unajiona umekomaa. Mimi nilipuuza hilo la kidole, na wiki yangu ya kwanza karatasi mbili zilishikana. Nikasoma kwamba familia ina majonzi makubwa kuwatangazia ndugu na marafiki kupotea kwa baiskeli nyekundu isiyo na kengele. Mwenye baiskeli alipata wageni wa rambirambi mpaka jioni, wengine na kuku. Nilidhani Papa atanifukuza. Aliniambia tu, "Na baiskeli iko mutu wa nyumba, mutoto yangu. Lakini kesho weka kidole."

Siku nyingine alikuja bwana mmoja ambaye mke wake amemkimbia, akaandika kwamba mke arudishe sufuria, yeye mwenyewe anaweza kubaki alipo. Papa aliipima karatasi ile kama anapima nyama. Alimwambia redio itasoma habari ya sufuria, lakini ile sehemu nyingine akamwambie mkewe uso kwa uso, kama yeye ni mwanaume. Mke alirudi pamoja na sufuria.

Lakini kanuni yake kubwa ilikuwa ukutani. Kulikuwa na misumari miwili, upande wa kulia na upande wa kushoto wa kiti chake. Kwenye msumari wa kulia zilichomwa karatasi za kusoma. Wa kushoto tuliuita msumari wa kusubiri.

Nieleze kwa ajili ya wale kati yenu mliokulia Kindu au mbali zaidi. Kwetu hakuna mzazi anayejua kifo cha mtoto wake kutoka hewani. Wakubwa wa familia wanakwenda kwake. Wanamketisha. Mmoja anamshika mikono. Wanaanza na kusema mgonjwa ameamka vibaya, wanakaa kidogo, wanasema hali imebadilika, na mpaka neno lenyewe lifike mwili umeshaanza kulijua. Ndipo mtu anatumwa redioni kusema: ameambiwa. Hapo karatasi inatoka msumari wa kushoto inakwenda wa kulia. Niliwahi kuona mfanyabiashara mwenye haraka akipiga meza, kwamba amelipa, kwamba marehemu ni mfanyakazi wake, kwamba watu lazima wajue leo. Papa hakuinua sauti. Alisema, "Lipa hata mara kumi, bwana. Mama yake hajaketi bado." Karatasi ilikaa kushoto mpaka mama akaketi.

Sasa turudi hospitali. Waliita ugonjwa ule kwa jina la Kifaransa lenye herufi tatu, maana yake ni mshipa wa damu kwenye ubongo umeziba. Mkono wa kulia ulirudi polepole. Maneno ndiyo yalirudi kwa njia ya ajabu. Mwanzoni Papa alikuwa anarudisha ulichosema. Ukimuuliza, "Papa, ulilala vizuri?" anakujibu, "Ulilala vizuri," kwa sauti ya upole kabisa. Shemeji yake alikasirika, akadhani anamchezea. Baadaye salamu zilirudi, na maneno mafupi ya nyumbani, chai, jua, mlango, tena yale unayomwambia ukiwa umemkalia mbele na kumtazama machoni. Sentensi ndefu ilimpita kama gari linavyompita mtu barabarani; aliinua mkono tu kuisalimia.

Halafu siku moja Mama Asha, mke wake, alimpa tangazo la zamani lililokuwa limebaki mfukoni mwa koti. Alilisoma lote. Sauti ilikuwa ileile, nzito, safi, inayokaa penye nukta. Vigelegele vilipigwa mpaka majirani wakaja. Jirani mmoja alileta msahafu, na Papa akasoma ukurasa mzima, kila herufi mahali pake. Watu wakasema ulimi umepona, kwa hiyo mtu amepona. Mkurugenzi wetu alifika kesho yake na pikipiki, anacheka meno yote.

Mimi pia nilifurahi. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikamuuliza kwa mzaha, "Papa, na hiyo karatasi inasema kitu gani kimepotea?"

"Kimepotea," akasema.

"Ndiyo. Kitu gani?"

Akaniangalia, akaitazama karatasi, akatabasamu kama mtu anayemtuliza mgeni. "Habari nzuri," akasema.

Tangazo lile lilikuwa la mtoto aliyezama mtoni.

Nilimpeleka kwa daktari kijana aliyekuwa amekuja hospitali kwa miezi michache, mtu wa Bukavu, mwenye subira. Alimsikiliza Papa akisoma, akamuuliza maswali, kisha akanitolea mfano ambao sikuutegemea. Alisema Wajapani wanachanganya maandishi ya aina mbili kwenye ukurasa mmoja. Ya kwanza yanaandika sauti, kama sisi: ka, ki, ku. Ya pili ni alama. Kila alama ina maana yake, na namna ya kuitamka lazima uwe umeijua tangu zamani, kwa sababu haionekani kwenye mistari yake. Ubongo ukiumia, alisema, wagonjwa hawaumii namna moja. Mmoja anabaki na njia ya sauti: anasoma ka, ki, ku kwa mdomo bila kosa na hajui anasema nini, lakini alama zinamshinda au anazitamka ovyo. Mwingine anabaki na njia ya maana: anaiona alama na kuielewa, ila herufi za sauti zimegeuka michirizi kwake. Kusoma kwa mdomo na kuelewa ni vyumba viwili, na kuna mlango kati yao. Mlango unaweza kufungwa, na kila chumba kikabaki na taa yake.

"Kwa Kijapani ningelimukamata huyu muzee siku ya kwanza," alisema. "Kwa Kiswahili, ugonjwa unajificha. Luga yenu yote iko ka, ki, ku."

Nilikwenda nyumbani nikafanya majaribio, kwa utaratibu, kama ninavyotafuta waya uliokatika. Nilimpa Papa ukurasa wa Kifaransa. Alisoma herufi zote, hata zile ambazo wenye lugha wanaziandika tu kwa heshima bila kuzitamka. Mtu aliyekuwa anasoma taarifa za wilaya kwa Kifaransa cha wamisionari alisoma sasa kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikampa Kiswahili: hakuna kosa. Nikafikiria na ule msahafu. Hata kabla ya ugonjwa Papa aliusoma kama mimi na wengi wetu tulivyofundishwa, ulimi ukitangulia na maana ikiachiwa wanaojua. Hakuna aliyetuita wagonjwa. Ndiyo maana ukurasa ule haukuweza kuthibitisha lolote.

Mwisho nilikata vipande vya karatasi ngumu, nikaandika amri fupi. Cha kwanza kilisema: Gusa pua yako. Papa alisoma, "Gusa pua yako," vizuri, akaningojea. Cha pili: Weka kalamu chini. Alisoma, "Weka kalamu chini," na kalamu ikabaki mkononi. Niliposema mimi mwenyewe huku nikiitazama kalamu na kuinyooshea kidole, aliiweka mara moja. Mama Asha alikuwa amesimama mlangoni na beseni la mchele. Aliona yote. Akarudi jikoni.

Nilimwambia mkurugenzi. Nisiwadanganye, hakuwa mtu mjinga, na jibu lake lilikuwa na akili. Alisema redio inatafuta sauti. Maana wataitafuta wasikilizaji wenyewe. Mtu anayesikia habari ya mama yake haulizi kama msomaji ameielewa. Mama Asha naye alikuja ofisini akasema mbele yetu, "Akibaki nyumbani atakufa. Pale kwa maikro yeye iko mutu." Nilikubali. Misumari ilinipa moyo. Kichwa cha Papa kilikuwa kimepoteza maneno mengi, lakini mkono wake haukuwa umeipoteza misumari. Asubuhi mimi nilizisoma karatasi zote, nikazigawa. Yeye alichukua za kulia. Za kushoto hakuzigusa hata siku ambayo msumari wa kulia ulikuwa mtupu. Aligeuza kiti, akaniinulia viganja kupitia kioo, kwamba kazi imekwisha.

Ilikwenda vizuri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Tena watu walimsifu zaidi kuliko zamani. Zamani, tangazo la mtoto likifika, sauti yake ililegea kidogo, akakohoa. Sasa hakulegea. Walisema amekomaa, amekuwa mtangazaji kweli, hatingishiki. Walikuwa wanausifu ugonjwa.

Kisha tukaambiwa kuna wageni watakuja kutazama redio, watu wa kusaidia, na studio ikapakwa rangi nyeupe. Mkurugenzi alikuja na koleo akang'oa misumari yote miwili kwa mkono wake, kwa sababu kutu ilikuwa imechora michirizi ukutani kama machozi ya chai. Akaleta sinia moja la plastiki, la bluu. Karatasi zote zingekaa humo. Na kama tangazo lina sharti lolote, alisema, mwenye tangazo aliandike juu kabisa ya karatasi, wazi, kwa Kiswahili, ili kila mtu aone. Hiyo ndiyo kazi ya kisasa.

Nilimwambia kwamba Papa hafuati maandishi, anafuata misumari.

"Anasoma kukupita weye," akasema.

Nikasema ndiyo, anasoma. Nikamweleza tena habari ya kalamu.

"Fundi," akasema, "kazi yako iko waya."

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Dereva wa pikipiki aliingia asubuhi kutoka Kabambare, tope mpaka kwenye kofia. Alikuwa ametumwa mambo mawili: kupeleka karatasi redioni, na kupeleka habari kwa kaka mkubwa wa Papa Ramazani, anayekaa ng'ambo ya msikiti, ili yeye ndiye amketishe mdogo wake. Redio ilikuwa njiani, kaka alikuwa mbele. Akaanza na redio. Karani wa mapokezi alikuwa binti kutoka Kindu, mgeni, hajui nani ni baba wa nani. Alipokea pesa ya kusomwa mara mbili, asubuhi na jioni, akaandika stakabadhi. Aliliona sharti lililoandikwa juu. Aliamini kwamba msomaji pia ataliona. Akaweka karatasi kwenye sinia. Binti yule nimemtetea mbele ya kila mtu, kwa sababu alifanya vilevile alivyoambiwa.

Mimi sikuwepo. Jenereta ilikuwa inakohoa, na mkurugenzi alikuwa amenituma sokoni kununua mafuta. Niliacha kifungo wazi kama kawaida. Nilikuwa kwenye mstari wa wauza petroli, bidoni mkononi, na redio zilikuwa zinalia kila upande, kwa fundi baiskeli, kwa kinyozi, kwa mama wa samaki. Sauti moja ilitoka kwenye midomo kumi. Papa Ramazani alimaliza mkutano wa wazazi wa shule, akavuta pumzi mahali pake, akasoma:

"Angalizo kwa redio. Tangazo hili lisisomwe kabla Mzee Ramazani, baba wa marehemu, hajaketishwa na kuambiwa na kaka yake mkubwa."

Nukta. Pumzi.

"Familia ya Kabambare inasikitika kutangaza kifo cha Mama Zaina Ramazani. Mama Zaina Ramazani."

Jina mara mbili, kama alivyonifundisha.

Mama wa samaki alikuwa anampimia mtu ndagala. Mkono wake ulibaki juu. Alimuuliza jirani yake, kwa sauti ndogo, kama baba wa marehemu siye huyuhuyu anayesoma. Kinyozi alisema, "Ni yeye. Anajisomea." Zaina walimjua. Alikuwa ameuza maandazi palepale kabla ya kuolewa Kabambare na mwalimu, na hao waliokuwa wamesimama walikuwa wamekula maandazi yake. Sauti iliendelea, safi, ikasema alifariki akijifungua, ikasema mazishi yatakuwa wapi, ikawataja watoto aliowaacha. Haikutingishika.

Nilikimbia na bidoni. Nilipofika, Papa alikuwa amehamia kwenye tangazo la baiskeli. Nilifunga kifungo, nikaweka wimbo. Aliniangalia kupitia kioo, akashangaa, akanionyesha sinia: karatasi bado zipo.

Mama Asha alikuwa na redio jikoni. Kila asubuhi aliiwasha ili amsikie mumewe akiwa kazini. Ndivyo alivyojua kuhusu mtoto wake, kutoka kinywa cha baba wa mtoto. Tulipofika na Papa kwa pikipiki, uwanja ulikuwa umejaa wanawake, na kilio kilikuwa kimeshafika barabarani. Papa alishuka, akapanga koti lake. Aliwatazama watu wote wale, na kwa adabu yake ya zamani akasema, "Karibuni. Nani amekufa?"

Kuna mwanamke mmoja aliyetema mate chini.

Kaka yake aliingia muda mfupi baadaye, anapumua kwa nguvu. Dereva wa pikipiki alikuwa amemkuta shambani. Alikuwa mzee kuliko sisi wote na hakuuliza lolote. Alimketisha Papa kwenye mkeka, akakaa mbele yake, magoti kwa magoti, akamshika mikono yote miwili. Alisema kila neno peke yake, akingoja, akimtazama machoni.

"Ramazani. Zaina. Mutoto yako. Ameugua." Akangoja. "Zaina. Ameumia sana." Akangoja. "Zaina amekufa."

Nililiona neno likiingia. Lilichukua muda, kama maji kwenye udongo mkavu, halafu uso wote ulivunjika. Alilia kama mtu yeyote anavyolia. Wale waliokuwa wanasema ana moyo wa jiwe walikuwepo, waliona, na kesho yake bado walisema ana moyo wa jiwe, kwa sababu hadithi ile ilikuwa tamu zaidi.

Alipotulia kidogo aliuliza, "Redio inajua?"

Kaka yake akasema inajua.

"Nani amesoma?"

Kaka yake akatazama pembeni, akasema ni mtu wa redio.

Papa Ramazani alitikisa kichwa. "Huyo mutu hana adabu," akasema. "Hakuona musumari?"

Nilikwenda Kabambare baada ya arobaini, kwa pikipiki, kumweleza mwalimu, mume wa Zaina. Nilibeba vile vipande vya amri. Nilimweleza habari ya vyumba viwili, ya Wajapani, ya kalamu. Alinisikiliza mpaka mwisho, watoto wakiwa wamekaa nyuma yake. Kisha akauliza kwa upole kama yeye aliliandika sharti wazi. Nikasema aliandika wazi. Akauliza kama mzee alisoma sharti lile. Nikasema alilisoma, neno kwa neno.

"Basi, fundi, alijua," akasema. "Mimi ninafundisha watoto kusoma. Mutu mwenye anasoma anajua." Na hajawatuma wale wajukuu Kasongo mpaka leo.

Mkurugenzi alimfukuza Papa kwa kosa kubwa la makusudi, na ushahidi ulikuwa mkanda uliorekodi matangazo ya siku ile: msomaji amesikika akisoma katazo, kisha akilivunja. Kwa kosa la makusudi hakuna malipo ya kuagwa. Nilisema niliyokuwa nayo, nikaambiwa tena habari ya waya. Wageni wa kusaidia walikuja, wakausifu ukuta mweupe. Mimi niliondoka mwaka uliofuata, kabla ya umri wa kustaafu, sikio la kushoto likiwa limechoka na mengine pia yakiwa yamechoka.

Papa yuko hai. Anakaa barazani kwake, na ukimpa maandishi atakusomea. Kuna vijana wanampelekea maboksi ya dawa, vifuniko vya biskuti, karatasi zenye matusi waliyoyaandika wenyewe, wamsikie akiyasoma kwa sauti ile ya redio, mara mbili penye jina. Wanacheka mpaka wanashika miti. Nimewaona. Baadhi yenu mnaosoma haya ndio mliokuwa mnacheka, kwa hiyo siwaombi msamaha kama maneno yangu ni machungu.

Mnaniuliza siri ya kazi. Weka wimbo tayari. Weka kidole chini ya mstari. Usiamini sauti nzuri, hata yako mwenyewe. Baada ya kusoma, jiulize umesema nini. Na mahali popote mtakapopewa chumba chenye maikro, pigeni misumari miwili ukutani kabla ya kitu kingine chochote, na atakayekuja na koleo mwambieni atang'oa kwanza meno yenu.

Tangazo la Zaina lilikuwa limelipiwa mara mbili, asubuhi na jioni. La jioni halikusomwa. Nilidai sehemu yake irudishwe kwa mwalimu. Nikajibiwa kwamba stakabadhi ikishaandikwa haifutwi. Kwa hiyo katika jambo lile lote redio iliokoa faranga elfu mbili na mia tano.